Picha za chapa za William Kentridge: zinachekesha halafu zinakunyang'anya kicheko

Nianze na ile ninayoiona kubwa kuliko zote, maana watu wengi wakisikia William Kentridge, msanii wa Afrika Kusini, wanakimbilia zile filamu zake za michoro ya mkaa, na filamu ni nzuri sikatai, ila mi nasema mkono wake mkali zaidi uko kwenye chapa, kwenye bamba la shaba na sindano na wino, na kama utabahatika kuona kitu kimoja tu cha huyu mzee wa Johannesburg basi kiwe Casspirs Full of Love.

Ni karatasi ndefu, inazidi mita moja na nusu kwenda juu na upana wake haufiki mita, kwa hiyo ukisimama mbele yake mnakuwa kama watu wawili mnatazamana. Ndani kuna kitu kama kabati jembamba, au kreti iliyosimamishwa wima, imegawanywa vyumba vyumba, na ndani ya vyumba kuna vichwa vya watu. Vichwa tu, vimekatwa, vimewekwa humo kama mtu anavyopanga mizigo stoo. Hakuna askari, hakuna bunduki, hakuna anayelia. Halafu yale maneno ya jina la picha ameyaandika kwa mkono humo humo ndani, mwandiko wa kawaida kabisa, kama wa mtu anayemwandikia ndugu yake barua.

Casspir ni deraya. Gari refu la polisi na jeshi la Afrika Kusini, limetengenezwa lihimili bomu la kutegwa ardhini, na makaburu waliliingiza kwenye vitongoji vya Waafrika miaka ya themanini, hasa baada ya kutangaza hali ya hatari 1985 sehemu kadhaa na 1986 nchi nzima. Kwa aliyekuwa anaishi Soweto au Alexandra, kuliona hilo gari linakata kona ni habari ya kukimbia, hukai kuuliza limefuata nini. Sasa jina la picha limetoka redioni. Vijana wa kizungu walikuwa wanachukuliwa jeshini kwa lazima, wazazi wanawatumia salamu hewani, na kwenye salamu hizo mama mmoja akamtumia mwanae Casspir zilizojaa upendo. Sisi tuliokua na vipindi vya salamu tunaijua ile sauti, ya mzazi anayetaja jina la mwanae pole pole kwa mapenzi yote ili mtoto asikie huko aliko. Yule mama hakuwa anatania wala kukejeli, alikuwa anampenda mwanae, na gari la mwanae ndilo lililokuwa linaua watoto wa wenzake.

Hapo ndipo ninaposema Kentridge anajua kazi. Hajatunga kichekesho. Ameliokota neno la mtu lilivyo, na utamu wake wote, akalibandika pembeni ya kabati la vichwa, akaondoka. Kicheko kinakujia kwa sababu maneno ni matamu mno, "gari la vita limejaa upendo", unacheka kidogo puani, halafu jicho linarudi kwenye vile vichwa na kile kicheko hujui ukipeleke wapi. Na wala hakuambii nani mbaya. Mama hayumo kwenye picha, mtoto wake hayumo, gari lenyewe halimo! Kilichomo ni shehena.

Kuna kisa amewahi kukisimulia mwenyewe ambacho nikikiweka pembeni ya hii picha naona vinashikana. Baba yake ni Sydney Kentridge, yule wakili aliyesimamia familia ya mwanaharakati Steve Biko, aliyefia mikononi mwa polisi, kwenye uchunguzi wa kifo chake 1977. Kentridge akiwa mtoto wa miaka sita hivi aliingia ofisini kwa baba yake nyumbani akaona boksi la manjano, bapa, akadhani ni chokoleti, akafungua. Ndani kulikuwa na picha za watu waliopigwa risasi Sharpeville, yale mauaji ya Machi 21, 1960 ambapo kwa hesabu rasmi walikufa watu 69. Mtoto kafungua boksi anatafuta kitu kitamu, kakuta maiti. Sasa niambie hiyo ni tofauti gani na kabati la vichwa lililoandikwa upendo. Sisemi ndiyo aliyoiwaza alipokuwa anachora, nasema mimi nikiitazama siwezi kuitenganisha na lile boksi.

Niseme na ufundi wake, kwa sababu bila ufundi hii ingekuwa katuni ya gazeti tu. Casspirs imefanywa kwa draipointi, yaani hakuna asidi, msanii anachukua sindano ngumu anakwaruza bamba moja kwa moja kwa nguvu za mkono. Sindano ikipita, shaba haitoki, inasukumwa pembeni ya mfereji kama udongo unavyokaa pembeni ya tuta, na kile kijinundu cha shaba ndicho kinachoshika wino kingi. Ukichapa, mstari unatoka na kivuli laini pembeni, wenyewe wachapaji wanakifananisha na mahameli. Kwa hiyo unapata mstari ambao kwa mbali una ukatili, kwa karibu ni laini unataka kuugusa. Mashavu ya vile vichwa yamejengwa kwa mikwaruzo ya namna hiyo, mkwaruzo juu ya mkwaruzo mpaka nyama ikapatikana, na macho unaona kabisa sindano ilipita mara nyingi sehemu moja. Ukatili ule ule, ulaini ule ule, mstari umebeba kile kile kilichobebwa na salamu za mama. Na kumbuka kila kitu kwenye bamba kinatoka kimegeuzwa kama kwenye kioo, kwa hiyo hayo maneno ya upendo yaliyokaa kama mwandiko wa haraka haraka ilibidi yaandikwe kinyumenyume, herufi moja moja, mtu akiwa ametulia. Bamba alilichora 1989, toleo lenyewe likachapishwa 2000, nakala 30 tu, na huo uchache hauko kwa ajili ya kupandisha bei peke yake, kile kijinundu kinapondwa na mashine kila karatasi inapopita, ukichapa sana mstari unakonda na ile mahameli inapotea.

Kwenye maonyesho niliyoiona, na sitaitaja galeri, taa zilikuwa zinapiga kwenye kioo cha fremu mpaka nusu ya juu ya picha ilikuwa haionekani, na kibao cha maelezo kimeandika jina, mwaka na aina ya chapa basi. Hakuna neno moja kuhusu Casspir ni gari gani. Kuna dada alisoma jina akatabasamu akapita, yaani kwake ilikuwa picha ya mapenzi yenye vichwa vya ajabu ajabu. Hilo liliniuma. Kejeli inataka mtu ajue kinachokejeliwa, na mwenye galeri ndiye wa kumpa mtu hiyo habari, mistari miwili ingetosha.

Ya pili kwangu ni Ubu Tells the Truth, chapa nane za 1996 na 1997, zilizochapwa Caversham Press kule KwaZulu-Natal. Ubu ni mhusika wa tamthilia ya Mfaransa Alfred Jarry iliyopanda jukwaani Paris Desemba 1896, mtawala mlafi, mwoga, anaua mtu kama anavyoagiza chakula, na Jarry mwenyewe alimchora kichwa kimechongoka na tumbo lina mzunguko kama konokono. Miaka mia ilipotimia Kentridge na wenzake wawili, Robert Hodgins na Deborah Bell, wakafanya kazi za Ubu kwa ajili ya maonyesho ya pamoja. Na mwaka ule ule, Aprili 1996, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Askofu Desmond Tutu ikaanza kusikiliza watu kuhusu uhalifu wa enzi za makaburu. Sharti la tume lilikuwa ukitaka msamaha wa kisheria useme yote uliyofanya, hadharani, na uonyeshe ulikuwa na sababu ya kisiasa. Zaidi ya watu 7,000 waliomba. Kwa hiyo unakuwa na mtesaji amekaa kwenye kiti, amevaa suti, anaeleza. Mwaka 1997 Cape Town polisi Jeffrey Benzien alionyesha mbele ya kamati jinsi alivyokuwa anamfunika mtu kichwa kwa mfuko uliolowa, akamlaza mtu chini akaonyesha kwa mikono yake, na aliyemtaka aonyeshe ni mmoja wa aliowatesa. Sasa hapo msanii unachora nini ambacho kitazidi hicho?

Alichofanya Kentridge ni kumvua mtu nguo. Kila chapa ina mwanaume yuko uchi, amechorwa vizuri kabisa, misuli na mikunjo na kitambi kinachoanza, na kumzunguka kuna mchoro mweupe kama wa chaki kwenye ubao mweusi, ndiyo Ubu, kichwa kilichochongoka na tumbo la konokono. Mchoro wa chaki ni wa kitoto, unachekesha, ungeuona ukutani shuleni ungepita. Lakini ndani yake kuna mwili wa kweli unajikunja na kujigeuza kama mtu aliye peke yake anayeamini haonekani. Kikaragosi na mtu, mmoja kavaa mwenzake, na huwezi kusema ni yupi anamwendesha yupi. Na ule mwili uchi aliutoa kwake mwenyewe, alijipiga picha studio kwanza, ndiyo akachora.

Hili la mwili wake nalisisitiza kwa sababu kuna swali la haki kabisa watu wanauliza, mzungu wa Johannesburg ana haki gani ya kutania kuhusu tume ambayo akina mama weusi walikuwa wanakwenda kulilia watoto wao? Jibu langu ni kwamba hajamtania mama hata mmoja. Waathirika hawamo. Aliyemo ni mtesaji, na aliyesimama kwenye nafasi ya mtesaji kwa mwili wake, na aibu yake yote, ni msanii mwenyewe. Angemchora Ubu kwa sura ya kaburu fulani wa televisheni, na yeye akabaki pembeni msafi anacheka, ningezikataa hizi chapa.

Chapa hizi ndizo zilizozaa mchezo wa jukwaani wa 1997 aliofanya na kundi la vikaragosi la Handspring Puppet Company, na kuna kitu kimoja cha mchezo nitakitaja kwa sababu kinasaidia kuzisoma. Ubu anarudi usiku anaoga, anajisugua, mkewe anamnusa anaamini mume ana wanawake nje. Anakuja kugundua kumbe mume alikuwa kazini kuua watu, na anafarijika, anaona fahari hata, kumbe mume wangu mwaminifu! Ukishalijua hilo rudi kwenye zile chapa nane, utaona ule uchi ni uchi wa nyumbani, wa baba anayeonwa na mkewe, na mtu huyo huyo ana mafaili ofisini.

Industry and Idleness, yaani Bidii na Uvivu, ya 1986 na 1987 ni ndogo na ya mapema lakini msiiruke. Kuna Mwingereza William Hogarth mwaka 1747 alitoa chapa 12 za vijana wawili wanaojifunza kufuma, mmoja mchapakazi anaishia kuwa meya wa London, mwenzake mvivu ananyongwa. Mafundisho ya kuwatisha vijana wa kazi. Kentridge kachukua jina lile lile, kazihamishia Johannesburg, kazigeuza, kwake chapa nane, mvivu ndiye anayetajirika na mwenye bidii anaishia maskini. Na ukitazama Afrika Kusini ya makaburu, ambapo mtu mweusi anafanya kazi usiku na mchana na sheria imeshamwandikia mwisho wake, unaona hajageuza kitu, kaandika kilichokuwepo. Moja inaitwa Lord Mayor of Derby Road, yaani Meya Mkuu wa Mtaa wa Derby, na hicho cheo cha kifahari kukibandika kwenye jina la mtaa tu ndiyo utani wenyewe. Michoro yenyewe mingine imejaa vitu mpaka jicho halijui lipumzike wapi, hapo alikuwa bado anajitafuta, kisindano chake hakijawa na ile hali ya kujiamini iliyopo kwenye Casspirs miaka miwili mitatu baadaye.

Nose, yaani Pua, ndiyo nina mashaka nayo, na najua mashabiki watanisema. Ni chapa 30 alizofanya na David Krut Workshop Johannesburg kipindi anaandaa opera ya jina hilo hilo kwenye ukumbi wa Metropolitan wa New York iliyofunguliwa 2010, na chanzo ni hadithi ya Mrusi Nikolai Gogol ya 1836, ofisa mmoja kaamka hana pua, pua yenyewe inatembea mjini imevaa sare za cheo kikubwa kuliko chake na inamkatalia kumtambua. Kentridge kaipandisha pua farasi, kaiweka na wacheza baleti, kaisukuma mpaka enzi za Stalin ambapo watu waliokuwa wanashangiliwa asubuhi wanakanwa jioni. Zinapendeza, aisee zinapendeza sana, ule weusi wake ni mzito na kuna karatasi ambazo pua iko juu ya farasi kama sanamu ya jemadari na hutaacha kutabasamu. Ila ndiyo hivyo, unatabasamu halafu unaendelea kutabasamu. Haiumi. Utani wa pua umetoka kitabuni, umeshasafishwa na watu karibu miaka mia mbili, wakati utani wa Casspirs umetoka kinywani mwa mama ambaye alikuwa hai, na mtoto alikuwa hai, na waliokufa walikuwa na majina. Kwangu kejeli ya Kentridge inauma pale anapookota maneno ya watu wa nchi yake, akienda maktaba inakuwa sanaa nzuri tu. Kama unataka kitu cha kutundika sebuleni Nose itakufaa kuliko zote, Casspirs sidhani kama kuna mtu anaweza kula chakula chini yake.

Zile chapa za lino, za kuchonga kwenye kipande laini cha linoleamu, alizoanza 2011 na zikachapwa kwenye kurasa za kamusi za zamani, paka, ndege, birika za kahawa, ni nzuri ila sio za mada hii, zipite.

Na kuna watu wanaosema chapa ni sanaa ya daraja la pili, sijui ni ya kupambia ofisi. Hawajui historia ya hiyo kazi huko kusini. Medu Art Ensemble, kikundi cha wasanii, walikuwa Gaborone wanachapa mabango ya kupinga makaburu, mabango yanavushwa mpakani kimya kimya, na Juni 14, 1985 jeshi la Afrika Kusini likavuka kwenda Botswana usiku likaua watu 12, mmoja wao Thami Mnyele, msanii wa Medu. Kentridge alikuwa na ulinzi ambao Mnyele hakuwa nao, wa rangi yake na wa jina la baba yake, na lazima mtu aseme hivyo waziwazi anapomsifia. Picha zilizoning'inia kwenye galeri ya Johannesburg na bango lililobandikwa usiku ukutani havikuwa na hatari sawa.

Ukizipenda hizi na ukataka kali zaidi, mtafute Diane Victor, naye wa Afrika Kusini, kazaliwa Witbank 1964. Tangu 2001 ana mfululizo anauita Disasters of Peace, yaani Maafa ya Amani, jina limejibu zile chapa za vita za Mhispania Goya ambazo zilichapishwa 1863, miaka 35 baada ya Goya kufa. Victor anachukua habari za magazetini za baada ya uhuru wa 1994, ukatili wa nyumbani, rushwa, watoto wa mitaani, anazichora kwa asidi na sindano kwa umakini ambao unakufanya utake kuangalia pembeni. Kwake kicheko ni kidogo sana na hakisamehi. Kentridge anakuachia mlango wa kutokea, kamchezo kidogo, kauzuri ka mstari, Victor anafunga mlango. Nyingine siwezi kuzirudia, na sisemi hilo kama kasoro.

Kuhusu kuzipata. Nakala za kweli zina namba chini kwa penseli, mfano 12/50 maana yake karatasi ya kumi na mbili katika hamsini, na sahihi ya msanii kwa penseli pia, na kwenye chapa za bamba ukiinamia karatasi kwa pembeni utaona ukingo wa bamba umekandamiza karatasi ukaacha bonde dogo kuzunguka picha. Ukikuta inayouzwa kwa bei ya kutupa, karatasi bapa, wino unang'aa na ukitazama kwa lenzi unaona vinukta vinukta vya printa, hilo ni bango la kawaida, linunue kama bango. Casspirs na Ubu zipo MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, na unaweza kuziangalia bure kwenye saiti yao, picha zinakuzwa vizuri, ila skrini itakudanganya kwa vitu viwili, ukubwa na ule ulaini wa mstari. Makumbusho makubwa mengi yana chumba cha kutazamia chapa, unaweka miadi, wanakutolea karatasi mezani bila kioo. Ukipata nafasi hiyo omba Casspirs, na kama hawana omba Ubu, na usiende na haraka maana watakuachia ukae nayo.